Ukoo wa Samaki Mwekundu

Juzi nilikwenda kununua samaki katika chumba cha baridi cha mfanyabiashara mmoja hapa kwetu Lubumbashi. Kijana muuzaji alipouvuta ule mlango mzito, harufu ikanipiga usoni: barafu, chuma kilicholowa, na chumvi iliyotoka mbali. Nikasimama pale kama mtu aliyeitwa. Yule kijana akadhani nimeshikwa na kizunguzungu. "Mama, uko muzuri?" akaniuliza. Nikamwambia niko muzuri sana, nimekumbuka tu siku niliyopewa jina. Akanitazama, akacheka kidogo kwa adabu, akafunga mlango ili baridi isitoke. Alikuwa mtoto wa juzi, na mimi sikuwa na nguvu ya kumsimulia huku watu wanasubiri nyuma yangu.

Ninyi wa umri wangu hamhitaji kusimuliwa sana. Mnakumbuka jinsi redio ilivyotutangazia kwamba majina ya kizungu yamekwisha na kila mtu arudi kwa mababu zake. Kina baba wakavua tai, kina mama wakaweka sketi ndani ya masanduku wakajifunga vitenge, na watu waliokuwa wakiitana "bwana" tangu kuzaliwa wakaanza kuitana "sitwayeni", yaani raia, huku wakitazamana kuona nani atacheka kwanza. Mimi nilikuwa Odeti. Nililipenda jina hilo kwa sababu lilikuwa fupi, na kwa sababu kaka yangu Visenti hakuweza kulitania. Halafu asubuhi moja shuleni mwalimu wetu akatuambia Odeti hayupo tena, wala Visenti, wala Maria. Kila mmoja alete jina la mababu kutoka nyumbani. Atakayechelewa, yeye mwenyewe atampa, maana orodha ya darasa haiwezi kubaki na mashimo.

Tulidhani ni mzaha. Mwalimu wetu alikuwa mtu mchangamfu, mwenye haraka, na hakuwa na ubaya. Lakini mvulana mmoja aliyesahau kuuliza kwao alisimamishwa mbele ya darasa, na kwa kuwa mfuko wa kaptura yake ulikuwa umevimba kwa kiazi kitamu cha kuchemsha, akaitwa Kilazi, yaani kiazi. Darasa zima likalipuka kwa kicheko. Kilazi alilia mpaka kengele ikalia pamoja naye. Mimi nikatoka pale nikijichunguza mwilini ni kitu gani mwalimu angekiona kwangu. Nilikuwa na kovu gotini, meno mawili ya mbele yaliyong'oka, na sweta ya Visenti. Hakuna hata kimoja kilichoweza kuzaa jina zuri.

Baba yangu alikuwa fundi wa breki za vagoni kwenye reli. Tulikaa katika kambi ya wafanyakazi wa reli, nyumba za matofali zenye mapaa ya malata, na kutoka uani kwetu tuliona bomba kubwa la kiwanda cha shaba likitoa moshi wake, ambao siku nyingine ulikuja mpaka kwenye ulimi ukakaa pale kama senti uliyoilamba. Ukoo wa Baba ulitoka kaskazini, pande za Kabalo, kwenye mto Lualaba. Babu yake ndiye aliyeshuka kuja kulaza reli, akabatizwa, akabaki, ingawa Baba mwenyewe alizaliwa kule kwa mama yake. Nilipomwomba Baba jina, alifuta mikono yake kwa kitambaa, akaniambia kwa upole, "Miye nilizaa tu. Jina iko ya Mama yangu."

Basi ujumbe ukapelekwa kwa wenzake wa treni, kituo hadi kituo, na baada ya muda Nkambo akafika. Nkambo, ndivyo tulivyomwita bibi. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mweusi, mkavu, mwenye sauti iliyomtosha mtu mara mbili yake. Alishuka katika behewa la daraja la tatu na kikapu cha samaki wa moshi kichwani, akatutazama sote tuliokuja kumpokea, akasema, "Baridi ya huku iko na meno." Ulikuwa mwezi wa sita. Asubuhi majani ya uani yalikuwa meupe kwa umande baridi.

Sheria za Nkambo zilikuwa chache lakini hazikupindika. Jina hutolewa juu ya chakula. Anayetoa na anayepewa wanakula sahani moja. Chakula kikishaletwa kwa ajili ya jina, hakibadilishwi. Na katika ukoo wetu hatukula samaki asiye na magamba mwenye ndevu, yaani kambale na ndugu zake wote, kwa sababu ya jambo lililompata mwanamke mmoja wa ukoo zamani, jambo ambalo kila mzee alilijua nusu yake tu.

Mama alitaka kupika kuku. Baba akakataa. Alikuwa na wazo lake, na wazo la Baba likishaingia kichwani lilikuwa kama treni ya mzigo, huwezi kusimama mbele yake.

"Mama yangu alikula samaki ya Lualaba maisha yake yote," akasema. "Nitamuonyesha samaki ya bahari."

"Umuulize kwanza," Mama akamwambia.

"Muntu banamuuliza kama anataka heshima?"

Mama akageuza sufuria juu ya mbabula, jiko letu la makaa, kwa kelele zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Siku zile treni zetu zilipeleka shaba mpaka Dilolo mpakani, na wenzao wa upande wa pili wakaipokea, wakaipeleka mpaka baharini. Baba hakuwahi kuvuka. Lakini huko Dilolo alikuwa na rafiki wa upande ule, na huyo rafiki ndiye aliyemtafutia. Jumamosi mchana Baba akaja na sanduku la mbao begani, maji yakimchirizika mgongoni, na nyuma yake nusu ya watoto wa kambi. Akaliweka uani, akang'oa misumari, akapangua vumbi la mbao na vipande vya barafu. Na pale chini alikuwa amelala samaki.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Tulizoea samaki wa rangi ya matope, wa rangi ya bati, wa rangi ya moshi. Huyu alikuwa mwekundu kuanzia mdomo mpaka mkiani, wekundu wa sahani ya shaba iliyotoka kusuguliwa, uliofifia kuwa waridi tumboni. Jicho lake lilikuwa kubwa. Mgongoni alikuwa na safu ya miiba iliyosimama kama chanuo. Na Baba alipombenua mdomo kwa kidole, tukaona meno mawili marefu mbele, kama ya mbwa. Watoto wote tukarudi nyuma pamoja.

Nkambo alikuja polepole, akainama, akamtazama muda mrefu.

"Nani aliipika mbele yetu?" akauliza.

"Hawajaipika, Mama. Njo rangi yake."

"Rangi ya kuzaliwa?"

"Ya kuzaliwa."

"Iko ya ukoo gani?"

"Banaiita karpe ruje," Baba akasema kwa Kifaransa, yaani karpe nyekundu.

"Nimekuuliza ukoo, unanipa jina ya sokoni." Nkambo akanyooka, akajifunga kitenge chake upya kiunoni, na sisi tuliomjua tukaelewa kwamba hukumu inakuja. "Magamba iko nayo, nimeona. Ndevu haina. Lakini meno ya imbwa nimeona tena. Kintu yenye sijue bazazi yake, sitakula nayo na mutoto."

"Basi nichinje kuku," Mama akasema upesi.

"Apana. Chakula ya jina imekwisha kuingia mu kiwanja. Ukibadilisha chakula, umebadilisha mutoto."

Hapo ndipo tulipokwama. Nkambo alikuwa arudi kwa treni ya Jumatatu. Jumatatu hiyohiyo asubuhi mwalimu alikuwa afunge orodha. Na samaki, kama Mama alivyosema akielekea jikoni, samaki hana habari na mambo ya ukoo, yeye anaoza tu. Visenti, aliyekuwa amekwisha kupata jina la babu bila shida yoyote, akaninong'oneza sikioni, "Kesho kutwa utaitwa Sweta."

Lakini mimi nilikuwa na hofu yangu nyingine, ambayo sikumwambia mtu. Mimi nilijua kwa nini yule samaki alikuwa mwekundu. Nilikuwa nimemsikia Baba mara nyingi akisema juu ya zile sahani nzito za shaba alizozisindikiza: "Hii yote inaenda ku bahari." Na mimi, ambaye bahari kwangu ilikuwa neno tu, nilielewa kama alivyosema. Treni zinafika kwenye ukingo wa maji, vagoni zinainamishwa, na shaba yetu inamwagwa ndani. Kwa nini, sikujua, lakini watu wakubwa walifanya mambo mengi yasiyo na sababu. Sasa nikaona mwisho wake. Samaki wa kule chini wanaitafuna ile shaba kwa yale meno ya mbwa, miaka na miaka, mpaka inawatokea kwenye ngozi. Na Mama alikuwa ametukanya tangu utotoni tusilambe shaba, kwamba ni sumu, inakata tumbo. Nikamtazama Baba akimfunika samaki kwa gunia lenye maji, uso umemshuka, na nikamhurumia. Maskini hakujua kwamba alikuwa amemletea mama yake sumu.

Jioni ile kambi nzima ilijua. Mama Chola, jirani yetu aliyezaliwa Kasenga kwenye mto Luapula na aliyeuza samaki sokoni, akaja kumwona mgeni. Akapitisha kidole kwenye miiba ya mgongo, akapekua shavu, akanusa. "Kama makobo, samaki ya kwetu," akasema. "Makobo iko na mugongo ya vile. Labda iko ndugu ya makobo." Mwanamke mwingine akasema hapana, ni ndugu wa yule samaki wa mtoni aitwaye pale, tazama kifua. Wakabishana kwa furaha mpaka giza likaanza kuingia, na Nkambo akawasikiliza wote akitikisa kichwa, kama hakimu ambaye hajaletewa shahidi mwenyewe. Mama akamtuma Visenti kwenye depo ya bia akaombe barafu. Baridi nayo ilitusaidia.

Jumapili, baada ya misa, akaja Mjomba Kasongo.

Mjomba Kasongo alikuwa mdogo wake Mama, na alisoma chuo kikuu, masomo ya wanyama. Kila Jumapili alikuja na baiskeli yake kutoka huko juu kuja kula kwetu, kwa sababu, kama alivyosema, chuoni waliwalisha akili tu. Alikuwa mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, na alimwogopa Nkambo sana, kama inavyompasa kijana kumwogopa mama mkwe wa dada yake. Akamsalimia akiwa amepiga goti. Kisha macho yake yakaangukia sanduku.

Alisahau kila kitu. Aliliondoa gunia, akapiga magoti yote mawili kwenye vumbi, na sauti ikamtoka kama ya mtoto: "Kumbe iko nyekundu!"

"Haukujua?" Baba akashangaa. "Si unazisoma?"

"Ya kwetu kule iko mu chupa, mu dawa. Imekuwa nyeupe kama bujiya ya kuwasha ku kanisa. Na mu kitabu iko picha ya kalamu tu." Akamgusa samaki kwa ncha ya kidole. "Sikujua iko muzuri hivi."

Nkambo akavuta kiti chake karibu. Nadhani ule mshangao wa Mjomba ndio uliomfungua moyo. Angekuja na majivuno angemfukuza.

"Weye unajua ukoo yake?"

"Ninajua, Mama. Banaita Lutyanide."

"Lutya nani?"

"Lutyanide. Iko jina ya familia nzima. Ndani ya ile familia kuko nyumba nyingi, na ndani ya kila nyumba kuko batoto wa namna yao. Beko wengi, kuko bekundu, kuko ba manjano, kuko benye mistari."

Nkambo akafikiri. "Kama sisi. Kuko Baluba, kisha ukoo, kisha nyumba, kisha muntu."

"Njo vile, Mama! Vile kabisa."

"Na hii karpe?"

"Haiko karpe. Karpe iko samaki ingine, ya maji baridi, ya Ulaya. Bazungu balipofika balikuta hii, haina jina kwao, bakaiita karpe hivi hivi."

Nkambo akapiga makofi mara moja, akatugeukia sisi sote. "Munasikia? Hata samaki balimupa jina yenye haiko yake!" Mama Chola, aliyekuwa amekuja tena na kazi yake ya kuchambua sombe, yaani kisamvu, akacheka mpaka majani yakamwagika. Baba alicheka pia, lakini kwanza alitupa jicho upande wa ukuta, ambako jirani wetu, mtu wa chama kilichotoa amri ya majina, alikuwa akisikiliza redio yake. Jirani naye akacheka kutoka huko nyuma. Ndipo Baba akacheka vizuri.

Sasa maswali yakaanza, na sijawahi kusikia tena mtihani kama ule. Nkambo alikuwa na namna yake ya kuwapanga samaki, aliyoirithi kwa mama zake: wenye magamba na wenye ngozi, wenye pua ndefu kama tembo, wale wanaokupiga ganzi mkononi ukiwashika, wanaolala kwenye matope, wanaobeba watoto mdomoni. Alitaka kujua mgeni anakaa kwenye chumba gani. Mjomba alijibu alichokijua, na asichokijua alisema, "Hii sijue, Mama," na kila aliposema hivyo Nkambo alimsogelea zaidi.

Analala wapi? Kwenye miamba, chini, anapenda mapango. Peke yake au na wenzake? Wadogo hutembea kundi, wakubwa hupenda upweke. Yale meno ni ya nini? Ni mwindaji, hukamata kwa ghafla, akishika haachi.

"Anakamata nini? Anakula nini?"

"Kamba. Kaa. Samaki badogo."

"Na shaba!"

Ni mimi niliyesema. Sikuweza tena. Wote wakanigeukia, na maneno yakanitoka yakisukumana: kwamba Baba alisema shaba yote inaenda baharini, kwamba samaki wanaila, kwamba ndiyo maana wamekuwa wekundu, kwamba Mama alisema shaba ni sumu, na kwamba sitaki Nkambo afe kwa ajili ya jina langu. Halafu Visenti akaanguka chini kabisa, akagaagaa. Mjomba aliuma midomo. Hata Mama, ambaye tangu jana hakuwa ametabasamu, akajifunika uso kwa mkono. Nilitamani ardhi inimeze.

Nkambo hakucheka. "Munacheka nini?" akawakemea. "Miye nilifikiri iliungua mu moto. Yeye alifikiri shaba. Nani kati yetu alikwisha kuona bahari? Weye uliona?" Akamwonyesha Baba kidole. Baba akatikisa kichwa. "Weye wa miwani?" Mjomba akatikisa chake. "Basi. Umuambie mutoto juu ya nini iko nyekundu."

Mjomba akanivuta karibu. Akaniambia shaba haimwagwi, inapandishwa kwenye meli kubwa kama mtaa wetu, inakwenda kwa watu wengine. Na juu ya wekundu akaniambia jambo ambalo mpaka leo nikilifikiria linanipendeza: kwamba maji mengi yanameza rangi, na rangi ya kwanza kumezwa ni nyekundu, kwa hiyo kule chini anakokaa, samaki huyu haonekani mwekundu hata kidogo. Anaonekana kama kivuli. Wekundu wake ni njia yake ya kujificha.

"Kwa hiyo yeye mwenyewe hajijui kama ni mwekundu?" nikauliza.

Mjomba akavua miwani, akaifuta. "Hii sijue," akasema.

Lakini mtihani ulikuwa haujaisha, na sasa ukafika mahali pabaya. Nkambo akauliza juu ya watoto. Anabeba mdomoni kama yule samaki aitwaye pale? Hapana. Anajenga kiota? Hapana. Anayalinda mayai? Mjomba akasitasita. Kisha, kwa kuwa alikuwa mkweli, akasema kwamba dume na jike hukutana na wenzao kwenye maji mengi, wanaachilia mayai, wanakwenda zao.

Uso wa Nkambo ukafungwa. "Banatupa batoto?"

"Mayai, Mama. Maji njo inayapeleka."

"Na munataka nimupe mutoto wangu jina juu ya samaki yenye inatupa yake?" Akaanza kunyanyuka. Nikamwona Mama akifumba macho. Nikaona barafu kwenye sanduku imebaki vipande vidogo vinavyoelea, na nikajiona Jumatatu nikisimama mbele ya darasa na sweta yangu.

Ni Mama aliyetuokoa. Mchana kutwa alikuwa akikata vitunguu ambavyo hakujua kama vitapikwa. Akauliza bila kuinua kichwa, kwa sauti ya mtu anayejiulizia tu, "Na bile bitoto, maji inabipeleka wapi?"

"Karibu na nchi," Mjomba akasema. "Ku kinywa ya mito, pale maji ya chumvi na maji tamu inachanganyika. Pale njo banakomalia, juu chakula iko mingi na samaki bakubwa habafike. Bakisha kupata nguvu, banarudia ku bahari."

Nkambo akasimama katikati ya kunyanyuka. "Mito gani?"

"Mito yote ya upande ule. Hata muto yetu mukubwa."

"Yetu gani?"

"Lualaba, Mama."

"Lualaba inapita ku Kabalo inaenda juu, inapotea mu pori. Kila muntu anajua."

"Haipotee. Inaenda mbali sana, inageuka, inakutana na mito ingine, inapita ku Kinshasa. Mu njia inabadilisha jina tu. Mwisho yake inaingia mu ile bahari yenye hii samaki ilitoka."

Nkambo akakaa tena. Alimtazama Mjomba kwa muda, si kwa shaka, bali kama mtu aliyeletewa habari za ndugu aliyemdhania amekufa. Akamwonyesha Baba kidole, polepole safari hii.

"Huyu nilimuosha mu Lualaba siku alizaliwa. Na dada yake, yenye alikufa mudogo, nilimuosha mule. Na sahani yangu yote, na nguo ya bwana yangu. Ile maji njo ilifika kule?"

"Njo ilifika, Mama."

"Na hii samaki ilikunywa ile maji?"

Mjomba Kasongo, Mungu amrehemu, hakuweza kudanganya hata kwa ajili ya chakula cha Jumapili. "Sijue kama hii yenyewe ilikomalia pale. Inaweza."

"Inaweza," Nkambo akarudia. Akainama, akaweka kiganja chake juu ya ubavu wa samaki na kukiacha pale. Aliongea naye kwa Kiluba, maneno machache, nikashika neno moja tu, wafwako, ambalo kwa wakwetu ni shukrani. Kisha akanyooka na kumwambia Mama kwa sauti yake ile kubwa, "Mafuta iko wapi? Munangoja ioze?"

Sijaona mwanamke akiwasha makaa haraka vile. Mama alimpasua, akamsugua chumvi na limau, akamkaanga vipande kwa mafuta ya mawese, akamrudisha kwenye mchuzi wa nyanya na vitunguu, na kichwa akakipika chenyewe. Mama Chola alikoroga bukari, ugali wa kwetu. Harufu ikaruka ukuta, na jirani wa chama akazima redio, akaja na kiti chake.

Kabla hatujaanza, Mjomba aliomba kichwa kwa dakika moja. Akakifungua nyuma ya macho kwa ncha ya kisu, akatoa vijiwe viwili vyeupe kama punje za mahindi. Mawe ya masikio, akasema, kila samaki anayo, na kila mwaka yanaongeza mstari mmoja, kama mti. Akavunja kimoja, akakielekeza kwenye jua la alasiri, akahesabu midomo ikichezacheza, akahesabu tena. Hakuwa na hakika, lakini alisema samaki huyu amenizidi umri, amemzidi hata Visenti.

"Basi iko yaya, mukubwa yenu," Nkambo akasema. "Mumukule na adabu."

Nikakaa naye kwenye mkeka, sahani moja kati yetu. Nyama ilikuwa nyeupe, ngumu kidogo, tamu, isiyo na vile vijiba vidogo vya samaki wa mtoni. Alinichambulia shavu, akaniwekea mkononi. Wote walisimama kuzunguka. Baba alikuwa amekwisha kuwaambia watu wa kambi jina litakuwa nani: shangazi yake mmoja wa zamani, mwanamke mkubwa, aliyekuwa na ng'ombe. Alisimama pale mikono nyuma, amevimba kwa furaha, akingoja kulisikia.

Nkambo akaosha mikono, akanishika kichwa.

"Weye njo Mwadi," akasema. "Weye uko majina yangu."

Baba akashangaa, kisha akapiga makofi kuliko wote, kwa sababu Mwadi lilikuwa jina lake Nkambo mwenyewe. Lakini mimi nilimwona Mama. Kijiko kilikuwa kimesimama hewani. Ninyi mliolelewa kama sisi mnajua: mwanamke hatamki jina la mama mkwe wake. Si uani, si ndani, si hata katika usingizi. Na sasa jina hilo lilikuwa limewekwa juu ya binti yake mwenye meno yaliyong'oka.

"Mama," akasema taratibu, "na miye nitamuita namna gani?"

"Utamuita namna unaniita miye," Nkambo akamjibu, akachukua kipande cha mkia, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye treni nikamwona akicheka mpaka mabega yakatikisika.

Jumatatu mwalimu aliniuliza jina, nikalisema kwa sauti hata akaniambia nisipige kelele. Mchana tulimsindikiza Nkambo kituoni. Jioni nilikuwa nimekaa mlangoni, nikisema jina langu polepole ili nilizoee, nikasikia Mama akiita kutoka uani, "Mama!"

Nikageuka nyuma nikidhani Nkambo amekosa treni.

"Ni weye ninaita, Mama," akasema. "Tafazali. Kuja uoshe sahani."

Tafazali! Katika maisha yangu yote hakuwahi kuniambia tafazali. Nilihisi umri wote wa ukoo wetu ukinipanda mgongoni. Nikaukaza mgongo huo, nikajifunga kitenge ambacho sikuwa nacho, na nikamjibu kama mama mkwe wake, kwa sauti ya Nkambo kama ilivyokuwa, nzito na bila haraka: "Nasikia, muko wangu. Uniletee kwanza maji ya kunywa."

Ndoo ilianguka. Mama akaja mpaka mlangoni, akanitazama, akashika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, akacheka kicheko ambacho nadhani alikuwa amekifungia tangu Jumamosi, akacheka mpaka akakaa chini kwenye saruji, machozi yakimtoka. Alipomaliza alijifuta kwa upindo wa kitenge, akanyanyuka, akanishika sikio kwa heshima zote, akanipeleka kwenye sahani.